Hema la Mahameli

Jumatatu, 3 Agosti

Nimeamua. Safari ya pwani ya mwaka huu naiongoza mimi. Si shemeji. Mimi!

Shemeji ni kaka wa mke wangu, mwalimu wa udereva. Mtaa mzima wanamwita Klachi. Leo mchana kaingia dukani kwangu bila hodi, kakaa juu ya jora la bitana kama kakaa kwenye kochi la kwao, katangaza kwamba mwanafunzi wake mmoja amemwazima gari-nyumba. Lina vitanda, jiko, sinki na pazia. Nikamuuliza pazia la aina gani. Akasema pazia tu. Pazia tu! Anamwambia hivyo fundi wa mapazia, ndani ya duka la mapazia!

Halafu akasema Mama yao, mkwe wangu, naye atakwenda, maana siku zote ametamani kulala karibu na bahari aamke akiisikia. Na Mama, akasema, atalala kwenye gari-nyumba, kwa sababu kwangu tunajua. Hapo akatazama dari.

Ukoo huu ukitaka kunitukana hautumii mdomo. Unatazama dari. Sababu yenyewe ni hii. Binti yetu alikuwa bado anatambaa. Mama mkwe alikuja kulala kwetu kwa mara ya kwanza, nami nikamtundikia pazia jipya juu ya dirisha la kitandani kwake. Alfajiri bomba la pazia likamdondokea kwenye paji la uso. Ukuta ulikuwa mbovu, nimeeleza mpaka nimechoka! Akaapa kwamba hatalala tena chini ya kitu nilichokitundika mimi. Na hajalala. Akija kwetu anashinda tu, jioni ikiingia huyo, kwa Klachi. Kule analala hata wiki.

Watu wanafunga safari kutoka mitaa ya mbali kuja kunipa kazi, na mama wa mke wangu ananikimbia kama paa linalovuja. Inaniuma. Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia. Inaniuma.

Basi nitashona hema. Kwa mikono yangu. Na Mama atalala ndani yake, mbele ya macho ya Klachi. Nimemwambia mke wangu. Kasema hema ni wazo zuri, hasa likinunuliwa.

Jumanne, 4 Agosti

Kitambaa kimepatikana! Kilikuwa kwenye kabati la nyuma muda wote. Mahameli ya rangi ya damu ya mzee, nzito, na tamvua za dhahabu pindoni. Ni pazia la jukwaa nililomshonea meneja wa ukumbi mmoja, akalikataa, eti aliagiza buluu. Ni kweli aliagiza buluu. Lakini ukumbi wake nimeuona kwa macho yangu, na buluu ingemharibia. Watu hawana shukrani.

Binti karudi kutoka shule, kauliza hema la kambini linahitaji tamvua za nini. Nikamwambia swali kama hilo ndilo linalomtenga fundi na mshona magunia. Akauliza tena, mbona kitambaa nimekikata mara mbili ya upana wa hema. Mtoto huyu kakulia chini ya cherehani! Kitambaa hukatwa mara mbili ya dirisha, ndipo mikunjo ikae. Nimekata hivyo tangu ujana wangu na sijawahi kulaumiwa kwa mikunjo. Kasema hema si dirisha. Nikamtuma uzi.

Zipu siweki. Zipu ni ya suruali. Hema langu litafunguka kwa kamba ya kuvuta, pande zote mbili kwa pamoja, kwa heshima. Juu litabebwa na bomba la pazia, lile nene kuliko yote niliyo nayo. Mke wangu kaliona bomba limeegemea ukutani, kasimama mlangoni. Kisha kauliza, "Mwenzangu, hilo si lile?"

Nikamwambia si lile.

Ni lile. Lakini chuma hakina kosa. Ukuta ndio ulikuwa mbovu.

Alhamisi, 6 Agosti

Nilifanya mpango mzuri sana leo. Sielewi uliniponyoka wapi.

Mama mkwe kaja kushinda. Nimemkaribisha, nimemuuliza hali, nimemletea chai mwenyewe. Kisha nikasema, kama mtu anayewaza tu kwa sauti, kwamba magari-nyumba yana sifa mbaya pwani. Breki ya mkono inaliwa na chumvi. Mtu analala nchi kavu anaamka majini. Mama akauliza nimesikia wapi. Nikasema watu wanasema. Watu ni mimi, lakini hakuuliza watu gani.

Akaweka kikombe chini. Nikaona sasa ndiyo saa yake, nikamwambia kuna hema pia, kitu kisicho na magurudumu hata moja. Akauliza ni hema la nani. Nikasema la familia. Akauliza limetundikwa na nani. Nikamweleza kwa adabu kwamba hema halitundikwi, husimikwa.

Akatazama dari.

Kisha akampigia Klachi simu. Nikamsikia Klachi akicheka mpaka huku sebuleni. Lakini Mama si mtu wa kuchekwa. Kaamuru kila gurudumu liwekewe jiwe mbele na nyuma, na mawe yatoke huku huku nyumbani, maana mawe ya pwani hayajui kazi. Klachi kauliza nani atayabeba. Mama kajibu atabeba mkwe wake, kwani ndiye aliyeiona hatari.

Nimeokota mawe nyuma ya duka mpaka mgongo umekataa. Mteja kanikuta nimekumbatia moja kaniuliza kama biashara ya mapazia imeanguka. Mwamba ngoma huvutia kwake, wanasema. Mimi ngoma yangu imevutia kwa Klachi, na ngozi nimetoa mimi!

Ijumaa, 7 Agosti

Pwani. Tumefika. Naandika nikiwa na kisirani.

Klachi akiendesha. Mama kiti cha mbele. Mke wangu na binti wamekaa kwenye benchi lenye mto. Mimi nimekaa juu ya sinki, hema mapajani, mawe miguuni, bomba limepita juu ya bega langu mpaka nje ya dirisha. Hivyo ndivyo nilivyoiongoza safari. Kila mlima Klachi anasema gari linalemewa nyuma. Kila kona anatufundisha: angalia kioo, toa ishara, punguza gia. Hakuna aliyemwuliza. Mama anaitikia, "Ee, mwanangu," kila gia.

Kambi yenyewe ni uwanja wa mchanga wenye bomba la maji, vyoo viwili na mlinzi mmoja. Mlinzi kanionyesha pa kusimika, kaniambia upepo hutoka baharini, hivyo mlango niutazamishe bara. Nikamshukuru. Nikautazamisha baharini. Pazia hutazama mandhari, hilo hata mwanagenzi anajua.

Klachi kaja kujitolea kushika upande mmoja. Nilikataa. Kaja tena, nikakataa tena. Alipokuja mara ya tatu nilikuwa nimenaswa ndani ya bitana na sikuweza kukataa kwa sauti ya kusikika.

Lakini lilisimama! Jua linashuka, mahameli inang'aa, tamvua zinacheza na upepo, mikunjo imekaa sawasawa kuanzia juu mpaka chini. Nilisogea nyuma nikalitazama nikahisi machozi. Mlinzi kalizunguka lote, karudi, kauliza onyesho linaanza saa ngapi.

Nimempuuza. Kwani Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa gari-nyumba analitazama. Kalitazama kwa muda mrefu. Kisha kasema kitambaa ni kizuri.

KITAMBAA NI KIZURI! Tangu nimwoe binti yake sijasikia sentensi kama hiyo kutoka kinywani mwake. Nilikuwa sijamaliza kuimeza akauliza kinashikiliwa na nini kule juu. Nikasema ufundi. Akaingia ndani akafunga mlango.

Jumamosi, 8 Agosti, asubuhi

Fedheha.

Nimeamka mapema, mswaki mdomoni, taulo begani. Nimevuta kamba. Pazia limefunguka pande mbili, taratibu, kama nilivyolikusudia. Nje kuna watoto wa kambi nzima wamekaa mchangani kwa mistari. Wakapiga makofi!

Nikafunga. Nikasubiri. Nikafungua kwa kushtukiza. Makofi zaidi. Mmoja akapiga mluzi. Mke wangu alipotoka kwenda bombani wakauliza kama yeye ndiye malkia. Binti akainama mbele yao, akawatupia busu kwa mkono. Nimemkemea. Anasema, "Baba, ukijenga jukwaa usilalamike ukipata watazamaji."

Klachi alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, chai mkononi. Alipiga makofi kuliko watoto wote.

Jioni

Naandika kwenye kiti cha dereva cha Klachi, usukani umenibana tumbo. Kila nikigeuza ukurasa honi inalia.

Mchana mvua imekuja. Haikunyesha sana. Narudia tena, haikunyesha sana! Mahema ya wenzetu, yale ya zipu, yalijikung'uta tu yakaendelea na maisha. Lakini mahameli ni kitambaa cha heshima, hakikatai mgeni. Kila mkunjo ulijaza maji. Na mikunjo ilikuwa mara mbili! Tukiwa ndani, mimi, mke wangu na binti, nikaona dari linashuka. Nikawaambia watulie, mahameli hujinyoosha yenyewe. Bomba likapinda katikati. Upepo nao ukaingia kwa mlango uliotazama baharini, ukalijaza hema tumbo, ukang'oa vigingi vyote kwa mpigo, kisha ukaliachia.

Giza. Uzito. Tamvua mdomoni. Kutoka mahali fulani ndani ya mahameli nikasikia sauti ya mke wangu, tulivu kabisa, ikisema mchuma janga hula na wa kwao.

Klachi na mlinzi walitutoa kwa kuvuta miguu. Mlinzi anasema ameona mahema yaliyopeperuka na mahema yaliyoungua, lakini hema linalokunywa ni mara yake ya kwanza. Watoto walisimama kwenye mvua wakapiga makofi mpaka tulipotoka wote.

Mama hakucheka. Hilo ndilo baya zaidi. Alimpa binti shali yake, akanitazama nikidondoka maji, akasema, "Pole, mkwe." Pole ya kweli. Bora angetazama dari.

Mimi nililoa mpaka roho.

Jumapili, 9 Agosti

Lazima niandike polepole ili nisiruke kitu.

Jua limetoka kali. Mke wangu kachukua mahameli, kaifungua mishono ya pembeni, kaikamua na binti, kaianika. Hakutumia bomba wala pete. Ncha mbili kazifunga kwa kamba ya nguo kwenye gari-nyumba, mbili kwenye miti. Basi. Kazi ya mtu asiye fundi. Nilikaa mbali nikiwa nimekunja uso.

Kufika saa sita gari-nyumba limekuwa la moto kama tanuri. Mama katoka akijipepea. Katafuta kivuli huku na huku, na kivuli kilikuwa kimoja tu kambi nzima chenye upana wa kutosha watu wazima, maana kilikatwa mara mbili. Katandika mkeka chini yake. Kakaa. Kajinyoosha. Mawimbi yanapiga, upepo unapita, tamvua zinamcheza juu ya kichwa.

Akalala.

Mama mkwe wangu amelala! Chini ya kitambaa changu! Nilimwita mke wangu aje ashuhudie. Nilimwita binti. Nilimwita Klachi, nikamwonyesha kwa kidole. Klachi akakuna kichwa akaenda kuhesabu mawe yake. Mama alikuwa anakoroma kidogo, mdomo wazi, mkono mmoja tumboni, kama mtu aliye nyumbani kwake. Nilijiambia hata nikifa leo, nimeshona kitu ambacho mama huyu amelala chini yake bila hofu.

Nilipaswa kwenda kuogelea.

Lakini nilipokuwa naitazama mahameli niliona pindo. Upande wa kushoto lilikuwa limelegea. Si sana, kiasi cha upana wa kiganja. Mtu wa kawaida asingeona. Mimi niliona. Nikatazama bahari. Nikarudi kutazama pindo. Binti akaniambia, "Baba, usiguse." Mke wangu akiwa mbali anasuuza sufuria akasema usiguse hata kabla sijasimama. Sasa jamani! Mama siku ya kwanza kulala chini ya kazi yangu, na kazi yenyewe imelegea upande? Akiamka akaliona? Atasema nini juu yangu?

Bomba nilikuwa nimeshalinyoosha asubuhi kwa goti. Nikalipitisha pindoni kimyakimya. Ncha moja nikaiweka kwenye tawi la mti, nyingine juu ya kioo cha pembeni cha gari-nyumba. Pindo likanyooka! Likanyooka kama limepigwa pasi! Nikarudi nyuma hatua chache nilione vizuri.

Klachi, ambaye hawezi kukaa karibu na kioo cha gari bila kukirekebisha, akakirekebisha.

Nataka ijulikane kwamba kosa ni la kioo. Na la Klachi. Bomba lenyewe lilianguka vizuri, wima wima, na halikumdhuru mtu zaidi ya goti la Mama. Mwaka ule lilikuwa paji la uso. Kutoka paji la uso mpaka goti! Nani atasema hayo si maendeleo?

Mama akaketi. Akalitazama bomba. Akalijua. Mtu halisahau bomba kama lile. Kisha akanitazama, wala hakuwa na hasira, akasema, "Nilikuwa nimelala vizuri, mkwe wangu. Mpaka ulipokuja kunitengenezea."

Mke wangu hajasema na mimi tangu hapo. Binti kasema sikio la kufa halisikii dawa. Nimemwuliza kajifunza wapi kumjibu baba yake hivyo. Kasema kwa bibi.

Jumatatu, 10 Agosti

Nyumbani. Dukani. Sinki tena njia nzima, lakini sasa nikiwa mshindi.

Ndiyo, mshindi! Nimelipima jambo hili pande zote. Mama amekiri kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi, kwamba alilala vizuri. Yaliyofuata ni mambo ya kioo.

Na kuna kubwa zaidi. Wakati wa kupakua mizigo Mama aliiomba mahameli. Aliomba mwenyewe! Kasema ameipenda, ataifunga nyuma ya nyumba yake apate pa kulala mchana. Mke wangu akamkunjia. Bomba, Mama akasema, libaki kwangu. Nilikaribia kulia mbele ya Klachi. Nikajisingizia mchanga machoni.

Mke wangu amenisemesha leo kwa mara ya kwanza. Kaniambia mama yake kanisamehe zamani, hata kabla ya pwani, kitu anachokiogopa ni mikono yangu isiyotulia. Kasema nikiweza kuliacha jambo hili kama lilivyo, Mwezi wa Kumi na Mbili Mama atakuja kulala kwetu. Kulala! Kamwahidi. Ninachotakiwa kufanya ni kutofanya kitu. Nikaapa. Niliapa kwa dhati kabisa.

Nimekaa nawaza tangu hapo. Kuifunga kwa kamba ya nguo! Mahameli yenye tamvua, nyuma ya nyumba, karibu na ndoo na fagio! Si Mama wa kulaumiwa, hajui. Lakini mimi najua, na mtu anayejua akanyamaza naye ana dhambi.

Mama yuko kwa Klachi mpaka Jumamosi, anakanda goti. Mahameli kaitanguliza nyumbani kwake. Ufunguo wa akiba wa nyumba ile uko kwetu, kwenye droo ya vijiko. Kuta za chumba chake nazikumbuka, ni imara, si kama zetu. Bomba nimelinyoosha tena, safari hii kwa nyundo. Chuma hakina kosa.

Litakaa juu ya kitanda chake, upande wa kichwani, na mahameli yenye mikunjo yote. Atafurahi mpaka basi. Nimemwambia mke wangu Ijumaa nitachelewa kurudi, nina mteja.